Kioo bado ni kizima: jibu kwa Mwalimu wa Gungu mwenye Panasonic ya 2012

Mwalimu mmoja wa sekondari anayeishi Gungu, Kigoma, ameniandikia kuhusu televisheni aliyoinunua kwa mfanyakazi wa shirika la kimataifa aliyekuwa amemaliza mkataba na kuuza vitu vyake vya nyumbani. Ni Panasonic Viera ya plazma, inchi 50, modeli ya VT50 ya mwaka 2012. Anasema YouTube haifunguki kabisa, picha ya king'amuzi cha Azam imepauka na ina ukungu, mgongoni inanguruma kidogo, na nembo ya kituo imeanza kubaki kwenye kioo hata akibadili chaneli. Fundi wa jirani amempa njia tatu: aiuze kwa spea, afungiwe bodi mpya ya Android, au anunue 4K mpya ya inchi 43. Anauliza afuate ipi. Tena mwishoni mwa mwaka anahamia Kasulu na hajui aisafirishe vipi.

Mwalimu, habari za Gungu. Nianze na lile unalolisubiri: usiiuze, na hiyo bodi ya Android usikubali ifungwe. VT50 ndiyo iliyokuwa juu kabisa katika plazma za Panasonic za mwaka huo, na katika yote uliyonieleza sioni dalili hata moja ya kioo kufa. Kilichozeeka ni sehemu ya intaneti iliyomo ndani yake. Kinachokuharibia picha ni waya na mipangilio. Yote hayo yanatibika kwa nje, bila kufungua skrubu hata moja.

Inafaa ujue una kitu gani mkononi, kwa sababu hakitengenezwi tena. Pioneer, waliokuwa wakisifiwa kuliko wote kwa plazma, walitangaza kuachana na televisheni mwaka 2009. Panasonic wakafunga uzalishaji wa plazma mwishoni mwa 2013, Samsung na LG wakafuata 2014. Hawakuacha kwa sababu picha ilikuwa mbaya. Plazma ilikuwa nzito, inakula umeme, ni ghali kutengeneza, na kwenye duka lenye taa kali ilionekana hafifu ikisimamishwa karibu na LED. Ndani ya kioo chako kuna vyumba vidogo mno vyenye gesi za neoni na zenoni. Umeme ukipita, gesi hutoa mionzi isiyoonekana kwa macho, nayo huwasha unga wa rangi nyekundu, kijani na bluu. Kila nukta hujiwashia yenyewe. Hakuna taa za nyuma kama zilizomo kwenye LED, zile zinazoungua na kumfanya fundi abandue kioo kizima abadilishe vipande vyake. Ndiyo maana tukio la usiku kwenye filamu linatoka jeusi kweli, mpira unaokimbia hauachi mkia, na aliyekaa pembeni ya sebule anaona rangi zile zile anazoona aliyekaa katikati. Panasonic walisema kioo cha kizazi hiki kingeweza kufika saa 100,000 kabla mwanga wake haujapungua hadi nusu. Kwa saa tano kila siku, hiyo ni zaidi ya miaka 50. Hata ukikipunguza nusu kipimo hicho cha kiwandani, bado TV yako ni kijana.

Sasa hiyo bodi. Mafundi wetu wamezoea kufunga bodi ya universal, yaani ya kuingia kwenye TV yoyote kama hiyo ya Android, kwenye LED iliyokufa bodi yake, na kwa LED ya bei ya chini ni kazi halali, inaokoa pesa ya mtu. Kwenye plazma ya daraja hili ni hasara tupu. Nusu ya thamani ya VT50 iko kwenye uchakataji wa picha unaofanywa na bodi yake yenyewe, ambayo inazungumza na bodi zinazoendesha kioo kwa namna ambayo bodi ya sokoni haiijui. Fundi akianza kulazimisha, utamaliza huna Android wala plazma.

Na hiyo 4K ya inchi 43? Kioo chako kina nukta 1920 kwa 1080, yaani full HD. Kwa inchi 50, mtu mwenye macho mazima akikaa mbali zaidi ya mita mbili hivi hawezi tena kuzitofautisha nukta hizo moja moja. Pima kutoka kwenye kochi lako hadi ukutani. Sebule nyingi ni mita tatu, na hapo ongezeko la nukta za 4K linapotea njiani kabla halijafika machoni. Vyanzo vyako navyo, yaani king'amuzi, YouTube ya bando na filamu za flash, vingi havivuki full HD. 4K ya bei ya chini ikiandikwa HDR kwenye boksi, yaani picha yenye mwanga na rangi pana kuliko kawaida, haina mwanga wa kutosha kuionyesha hiyo HDR, na weusi wake ni kijivu. Nakubali ina faida mbili za kweli: inakula umeme kidogo na ina dhamana ya duka. Umeme nitaurudia, maana kwako ni suala la pesa.

Tuanze na ukungu wa Azam, kwa sababu nadhani utapona leo hii. Tazama mgongoni mwa king'amuzi. Kama waya unaokwenda kwenye TV ni ule wa vichwa vitatu, njano, nyekundu na nyeupe, ugonjwa umeuona. Kichwa kile cha njano kinabeba picha ya kizazi cha TV za chogo, yenye takribani nukta 415,000 tu, wakati kioo chako kina zaidi ya milioni mbili. TV inalazimika kubuni nne kati ya kila nukta tano inazoonyesha, na rangi zote zinapita zimechanganywa kwenye waya mmoja. Hapo unapata kupauka na ukungu. Nunua waya wa HDMI wa kawaida, mita moja na nusu au mbili. Usilipie waya wa bei mbaya kwa sababu umepakwa dhahabu, kwa umbali huo hauongezi kitu. Chomeka kwenye mojawapo ya matundu manne ya HDMI ya VT50, ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi, na sehemu ya picha uchague 1080i au 1080p ya 50Hz. Kuna watu wanafunga HDMI halafu wanakiacha king'amuzi kikitoa 576, picha ile ile ya kizazi cha chogo, wanabaki wakilalamika vile vile.

Ukishafanya hivyo, chukua rimoti ya TV uingie kwenye menyu ya picha. Nina hakika aliyekuuzia, au watoto wa nyumbani, waliiweka kwenye 'Dynamic'. Huo ni mpangilio wa dukani: rangi za pipi, nyuso za watu nyekundu, maelezo ya sehemu zenye mwanga yameungua. VT50 ilikuja na mipangilio iliyopimwa kwa viwango vya THX, kampuni inayothibitisha ubora wa picha na sauti za sinema, na hicho ni kitu ulichokwisha kukilipia. Usiku weka 'THX Cinema', mchana 'THX Bright Room'. Siku ya kwanza utaona kama picha imekuwa ya njano na imepoa. Vumilia siku mbili tatu, macho yako yazoee, kisha rudi kwenye 'Dynamic' uone mwenyewe jinsi inavyoumiza. Zima 'Intelligent Frame Creation' ukitazama filamu, maana ndiyo inayofanya sinema ionekane kama tamthilia ya studio. Kwa mpira iache kiwango cha chini ukipenda. Tafuta pia '16:9 Overscan' uizime: ikiwaka, TV inakata kingo za picha na kuivuta kidogo, na mvuto huo peke yake unatia ukungu.

Mwanga wa chumba nao una kauli. Plazma haishindani na jua. Ikiwa dirisha linalotazama ziwani liko mbele ya kioo, jioni jua likielekea Kongo huoni kitu. Isogeze ukuta wa upande wa dirisha, au weka pazia zito. Usijaribu kushinda jua kwa kupandisha kontrasti hadi mwisho: unaongeza joto, unaongeza umeme, na unaharakisha tatizo la nembo ninalokuja kulieleza sasa.

Hili la nembo ndilo pekee katika barua yako linalohitaji nidhamu ya kudumu. Unga wa rangi ukiwashwa sana mahali pamoja, huchoka kuliko jirani zake. Mwanzo ni kivuli cha muda, kinaondoka. Ukipuuza kwa miezi mingi, kinakuwa alama ya kudumu ambayo hakuna fundi atakayeifuta. Kwa kuwa unasema yako imeanza tu, na nembo inaonekana zaidi picha ikiwa nyeusi, naamini bado ni ya muda. Ndani ya menyu, sehemu ya mipangilio ya skrini, kuna 'Pixel Orbiter' inayosogeza picha kidogo sana bila wewe kuona. Hakikisha imewashwa. Kuna pia 'Scrolling Bar', ukanda mweupe unaopita kioo kizima. Uwashe usiku wakati familia imelala, kisha kwa wiki kadhaa tazama vitu vinavyojaza kioo chote na kubadilika, bila mistari myeusi juu na chini.

Mpira wenyewe hauna ubaya. Timu ya Mashujaa ikicheza uwanja wa Lake Tanganyika, tazama dakika zote 90 kwa raha, ubao wa matokeo hautaacha alama ya kudumu kwa mechi moja. Hatari ni ile tabia ya nyumba zetu nyingi ya kuiacha TV kwenye chaneli moja ya habari kuanzia asubuhi hadi usiku, nembo kona ile ile na mstari wa maandishi chini, hakuna anayetazama. Mtu akitaka sauti tu ya kuchangamsha nyumba, awashe redio. Na usiitumie TV hii kama skrini ya kompyuta ya kuandalia mitihani.

Kuhusu YouTube, si kosa lako wala si bando. Aprili 2015 Google walifunga mfumo wa zamani ambao programu za YouTube kwenye televisheni nyingi za 2012 na za kabla yake ziliutegemea. Zikakatika kwa mpigo. Zaidi ya hapo, vifaa vinavyoingia intaneti hubeba ndani yake vyeti vya usalama vyenye tarehe ya mwisho. Kimojawapo, kilichotumiwa na tovuti nyingi sana duniani, kiliisha muda Septemba 2021, na vifaa visivyopata masasisho vikaanza kukataliwa mlangoni. Kuisasisha TV yako hakutasaidia, mtengenezaji alishaacha kuitolea. Ichomoe kwenye intaneti uisahau. Kuanzia sasa VT50 ni kioo, na ubongo utakaa nje, kwenye kisanduku kidogo cha HDMI ambacho kikizeeka miaka mitano ijayo utakibadilisha bila kukigusa kioo.

Chagua kisanduku kilichoidhinishwa na Google, cha kampuni inayojulikana: Xiaomi wanavyo, na Chromecast ya Google TV bado inapatikana mikononi mwa watu ingawa Google waliacha kuitengeneza 2024. Ya full HD inakutosha. Epuka vile visanduku visivyo na jina vinavyoandikwa 8K na kuahidi chaneli zote za dunia bure. Vingi vimekutwa na programu hasidi zilizowekwa humo hata kabla ya kuuzwa. Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu mtandao wa vifaa vya aina hii uitwao BADBOX 2.0, unaotumia intaneti ya nyumbani kwako kwa uhalifu bila wewe kujua. Na hata kisipokuwa na virusi, kwa kuwa hakijaidhinishwa, Netflix watakupa picha ya SD tu, ile ya kiwango cha chini.

Kisanduku ukikifunga, usikichomeke umeme kwenye USB ya TV. USB hiyo inatoa umeme mdogo, nacho kitakuwa kinajizima na kuwaka katikati ya filamu. Tumia chaja yake ukutani. Weka kitoe 1080p na uzime HDR, kwa kuwa VT50 haijui HDR na ukiilazimisha rangi zinapauka. Kwa bando, kumbuka saa moja ya HD inaweza kula hadi GB 3, kwa hiyo siku za kubana weka YouTube kwenye 720p, kwa inchi 50 bado inatazamika vizuri kabisa. Hata filamu za flash unazochukua maktaba, zile zilizotafsiriwa, zichezeshe kupitia kisanduku. Nyingi siku hizi zimebanwa kwa H.265, mfumo uliokamilika 2013, mwaka mmoja baada ya TV yako kuzaliwa, ndiyo maana unasikia sauti tu au unaambiwa faili halisomeki.

Kunguruma ni tabia ya plazma. Huzidi picha ikiwa nyeupe na hupungua ikiwa nyeusi. Kama yako inafuata mwendo huo, ni nzima. Plazma hulalamika zaidi mahali pa juu sana, kuanzia karibu mita 2,000, ambako hewa ni nyepesi. Uso wa Ziwa Tanganyika uko mita 773, hivyo Kigoma huna hofu. Kasulu iko juu zaidi, huenda ukaisikia kidogo, ila bado uko chini ya mpaka huo. Sauti ya kukwaruza au ya cheche, yenye harufu ya kuungua, hiyo ni habari nyingine: chomoa na usiiwashe tena.

Umeme sasa. Plazma hii itakula kati ya wati 150 na 350 kutegemea picha, tuchukue 250. Kwa saa tano kwa siku ni uniti 1.25, kwa mwezi karibu 38. LED ya inchi 43 kwa saa hizo hizo itakula 13 au 14. Kama mita yako iko kwenye kundi la D1 la TANESCO, lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, TV peke yake inachukua nusu ya kikomo hicho, na ukivuka, bei ya uniti hupanda zaidi ya mara tatu. Kwa hiyo piga hesabu ya friji na pasi kabla hujaamua itawaka saa ngapi. 'THX Cinema' itakusaidia hapa pia, maana ni hafifu kuliko 'Dynamic'.

Kigoma iliishi kwa jenereta za dizeli kwa miaka mingi kabla ya gridi, na wote tunajua umeme unaporudi ghafla unavyorudi. Weka TV Guard, kile kifaa kinachokata umeme ukiwa chini au juu mno na kusubiri utulie kabla ya kuurudisha. Kama taa zako hufifia jioni mara kwa mara, ongeza stabilaiza ya VA 1,000 au zaidi. Radi lakini haizuiwi na hivyo vyote. Mvua ikikaribia, chomoa plagi ukutani na uchomoe pia waya wa dishi nyuma ya king'amuzi, kwa sababu radi ikipita kwenye dishi hufika kwenye TV kupitia HDMI. Ukitumia sola, inveta iwe ya wimbi safi (pure sine wave), la sivyo mngurumo utaongezeka na bodi ya umeme itaumia.

Sauti nitapita haraka. TV nyembamba hazina besi. Unganisha sabufa yako kupitia tundu la optiki la mgongoni. Sabufa isiyo na tundu hilo utainunulia kibadilishi kidogo cha optiki kwenda kwenye vichwa vyekundu na vyeupe. Ikikaa kimya, badilisha sauti ya kidijitali kwenye menyu iwe PCM.

Usafi: vumbi letu jekundu huziba matundu ya hewa mgongoni, na joto ndilo linaloua kapasita. Pangusa kwa brashi laini ya rangi ambayo haijatumika, acha nafasi ya sentimita kumi pande zote, na uangalie sisimizi na mijusi, wanapenda joto la ndani na wakikanyaga bodi wanachoma. Kioo kifutwe kwa kitambaa laini kikavu tu. Spiriti na dawa ya vioo vya madirisha vinamomonyoa utando wa kuzuia mng'ao wa taa kwenye kioo, na ukitoka haurudi.

Siku ikikataa kuwaka na taa nyekundu ikapepesa, hesabu imepepesa mara ngapi kabla ya kupumzika, uandike. Namba hiyo inamwambia fundi aanzie bodi ipi: P ya umeme, A ya uchakataji, SC au SS zinazoendesha kioo. Usimruhusu mtu asiyeijua plazma aifungue. Ndani kuna volti zipatazo 200 za DC, na kapasita zake hukaa na chaji hata baada ya kuchomolewa. Bodi ikibadilishwa, fundi arekebishe volti zilingane na zilizoandikwa kwenye lebo iliyobandikwa nyuma ya kioo chenyewe, kwa sababu kila kioo kina zake. Asiyejua lebo hiyo iko wapi, mshukuru na umlipe nauli. Kioo kikipasuka, hapo ndipo utaiuza kwa spea, na bodi zako zitamfaa mwenye TV kama yako.

Kuhusu safari ya Kasulu, sharti kubwa ni isimame wima muda wote. Plazma ni vioo viwili vipana vilivyoshikamana, na ikilazwa, tuta moja barabarani linatosha kuipasua. Ondoa stendi, funga kioo kwa blanketi kisha godoro jembamba mbele na nyuma, ifunge kamba ikiwa imeegemea ukuta wa gari, na asiwekwe mtu wala gunia la kuiegemea. Usiikubali kwenye buti la basi. Tafuta gari linalohamisha vyombo vyako vyote na uipakie mwisho. Ukifika iache saa kadhaa ipate joto la chumba kabla ya kuwasha, na siku hiyo hiyo mwite fundi umeme apime soketi utakayoitumia na ahakikishe ethi ya nyumba inafanya kazi, kabla TV haijachomekwa.